Nailoni

Tulilinunua Birere, dola sabini na tano,
baada ya mimi kuondoka mara mbili na kuitwa mara mbili.
Mushagalusa alilipiga ngumi mbele yangu:
"Sikia, mama! Hii njo matela ya mugongo.
Dokta mwenyewe analalaka juu yake."
Sikuuliza ni dokta gani.

Habamungu akalifunga kwenye chukudu kwa mpira wa tairi,
akateremka nalo juu ya mawe meusi, mguu mmoja breki,
nami nyuma, natembea kama mama wa bibi harusi.
Majirani walihesabu unene wake kwa macho.
Katembo akatoa amri moja: nailoni isivuliwe.
Vumbi la Majengo halina adabu, alisema,
na godoro lenye nailoni ni jipya hata mwaka wa tatu.

Usiku wa kwanza, kila nilipogeuka
ilisema nailoni, ukajibu mgongo.
Usiku wa nne mgongo haukungoja kuulizwa.
Si mgongo wote, la.
Pale chini, ninapofungia kitenge,
maumivu ya upana wa kiganja.
Alfajiri nilishuka kitandani kwa magoti, kama mwenye kutubu.
Bidoni ya lita ishirini, niliyoizoea kama mwanangu,
ikanitazama. Nikaitazama.

Mama Nsimire alileta mawese yenye pilipili, akanisugua hadi nikalia.
Mama wa kikundi cha maombi aliuliza kama godoro liliombewa.
Na Katembo, ambaye hulala kama gunia la makala,
alisema mgongo wangu ni mshamba,
haujazoea vitu vizuri.

Basi nikalikumbuka lile la zamani,
lililohamia chumba cha Asifiwe.
Lina bonde katikati, lina ramani za mikojo ya watoto wanne.
Usiku ule mlima ulipotapika, mbingu nyekundu kama jiko,
nilijitwika hilo hadi Sake,
Katembo mbele na watoto wawili na redio.
Kwanza nililibeba mimi,
ndipo likanibeba, miaka yote iliyofuata.
Hili la nailoni, tunadaiana nini?
Hatujakimbia pamoja hata kufika kwenye kona.

Saa nane za usiku nikaenda kwa mwanangu, nikamwambia: sogea.
Nikajilaza ndani ya bonde langu,
nikanusa moshi wa zamani, nikasema, nimefika.
Kulipokucha, goti la Asifiwe lilikuwa kwenye figo yangu
na maumivu yalikuwa palepale, yameamka kabla yangu.

Hata kumbukumbu haisugui mgongo.

Jumamosi nililiinua jipya, peke yangu, nikiguna,
nilipate jua kidogo.
Chini yake: ubao, ubao, shimo, ubao, ubao, ubao.
Nikainama (pole pole) nikapima kwa mkono:
shimo lilikuwa saizi ya kitenge changu.
Nikatoka nje.
Kwenye banda la kuku, misumari mipya,
na ubao wenye rangi nyekundu ya kitanda chetu.

"Kuku walikuwa wanaibiwa," alisema Katembo.
"Tena godoro la dola sabini na tano
linataka mbao sita za nini?"

Kuku wake, niwaambie, hawaumwi chochote.

Nilinunua ubao wa mkaratusi, fundi akaukata nikisimama.
Kisha, Katembo akiwa kazini, nikachukua mkasi wa cherehani
nikaichana nailoni kutoka kichwani hadi miguuni.
Godoro likashusha pumzi ndefu,
kama mtu aliyevuliwa viatu vya wageni.

Mgongo? Haujapona.
Umetoka chumbani, umesimama mlangoni,
bado unaongea, kama mgeni aliyekwisha kuaga.
Lakini leo bidoni niliinua.

Katembo aliporudi mvua ilikuwa imeanza.
Akaiona nailoni juu ya banda la kuku, imefungwa vizuri kwa mpira wa tairi.
Alisimama kidogo.
Akaingia ndani, hakuuliza.